Lango Lililohamishwa

"Haya, binti, tunampeleka wapi?"

Baba Qi aliuliza hivyo akiwa ameshavaa kofia yake ya manyoya, birika la maji ya uji mkononi, na nyuma yake ngazi nzima imejaa majirani waliojifunga vitambaa vyeupe viunoni. Luan Xuejiao alikuwa amepiga magoti mbele ya picha ya marehemu baba yake. Swali alilisikia vizuri. Alijifanya anapanga upya machungwa ya sadaka, kwa sababu jibu alipaswa kuwa nalo, na hakuwa nalo.

Mtu akifa katika Mtaa wa Tanuri la Tatu, kabla ya kuchomwa huripotiwa. Vijijini watu huripoti kwenye kihekalu cha mungu wa ardhi, na hapa pia palikuwa na kihekalu, hadi kiwanda cha chuma kilipokibomoa na kujenga lango lake la pili papo hapo. Wazee wa enzi hizo hawakununa. Walisema mungu wa ardhi hakwenda popote, amebadilishiwa kazi tu. Sasa ni bawabu. Basi tangu hapo wafu wa mtaa huu wakawa wanaripotiwa langoni, asubuhi, mchana na jioni, uji ukimwagwa chini na mtoto wa marehemu akipaza sauti: fulani, wa karakana fulani, amemaliza zamu. Asiyeripotiwa, roho yake hubaki ikizurura nje kama kibarua aliyepoteza kitambulisho.

Kisha kiwanda kikazimwa. Uwanja ukauzwa. Lango likang'olewa tofali kwa tofali, likaenda kusimamishwa upya kwenye bustani ya makumbusho ng'ambo ya reli, na pale lilipokuwa pakawa maegesho ya supamaketi. Mtaa ukagawanyika pande mbili, na hadi leo haujaungana: bawabu aliondoka na lango, au amebaki na ardhi?

"Amebaki," alisema Shangazi Xing, jirani wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyepika ule uji. "Anaitwa mungu wa ardhi. Haitwi mungu wa matofali."

"Bawabu gani anabaki lango likiondoka?" Baba Qi akamgeukia. "Anabaki kulinda nini? Vitoroli vya supamaketi?"

"Wewe mkeo ulimripoti wapi?"

"Bustanini."

"Ndiyo maana anakujia ndotoni kukukaripia. Umempoteza mwenzio."

"Alikuwa ananikaripia tangu yu hai. Hilo usilisingizie lango."

Ngazi nzima ikacheka. Luan Fengshan alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi, na msiba wa mzee wa namna hiyo hauzibi watu vinywa. Xuejiao peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo tunamsikiliza binti," Baba Qi akasema, akipunguza sauti. Alikuwa amefanya kazi na marehemu kwenye tanuri moja tangu ndevu hazijawaota, na mazishi ya mtaa huu yote hupita mikononi mwake. "Siku hizi kila mzee anawaambia wanawe mapema mahali anapopataka. Baba yako pia alichagua. Aliniambia tukicheza chesi: 'Nimeshamwonyesha Xuejiao mahali pangu. Mwaka Mpya nilimpeleka, nikamwonyesha.' Nikamwuliza, wapi? Akaniambia chesi haichezwi kwa mdomo, kisha akanila farasi."

Macho yote yakamgeukia Xuejiao. Mtoto wa pekee, binti, hana kaka wa kumsukumia mzigo.

"Aliniambia," akasema.

"Basi?"

"Tuanze na maegesho."

Shangazi Xing akampiga Baba Qi kiwiko cha ushindi, na watu wakaanza kushuka ngazi.

*

Ukweli ni kwamba alionyeshwa. Hilo ndilo lililokuwa likimkaba.

Kwa miaka mingi, kila alipopiga simu kutoka Suzhou alikofanya kazi kwenye kampuni ya usafirishaji, baba yake alimaliza mazungumzo kwa maneno yale yale: "Ukija nitakutembeza. Mji wako huujui." Naye alijibu, "Mwakani, baba." Aliondoka nyumbani akiwa msichana wa shule, na kweli mji hakuujua, aliujua kama mtu anavyolijua koti alilovalishwa utotoni. Kila alipokuja, siku zilikuwa chache na baridi ilikuwa kali, na kitanda cha udongo, kinachopashwa moto kwa chini, kilikuwa na joto.

Mwaka Mpya uliopita hatimaye alikubali. Walitoka baada ya kifungua kinywa. Hawajafika hata mwisho wa uchochoro, simu ikalia: bosi wake, shehena imekwama forodhani, mteja anapiga kelele. Baba akatangulia, yeye akafuata na simu sikioni. Kutoka matembezi yale yote kichwani mwake yalibaki mambo machache tu. Visigino vya viatu vya baba, vya kitambaa chenye pamba ndani. Harufu ya sabuni. Na mahali fulani baba aliposimama, akagonga chini kwa mguu, mara mbili, pakalia kama debe tupu. Akageuka, akasema kitu huku uso umemchangamka. Xuejiao akamwinulia kidole: kidogo tu, baba. Mzee akasubiri. Kisha uso ukarudi kama ulivyokuwa, akaendelea na safari.

Walipofika nyumbani ndipo alipokata simu.

"Umesikia niliyokwambia?" mzee akauliza, akivua viatu.

"Nimesikia, baba."

Angeweza kusema hapana. Wangecheka, wangerudia siku ya pili yake, au mzee angemwambia pale pale, na viatu vyake mkononi. Neno moja tu lilitakiwa. Alisema nimesikia, kisha akauliza kama maandazi ya nyama yapo.

*

Kwenye maegesho uji uligoma kuzama. Ulitambaa juu ya lami, ukaanza kuganda. Dereva mmoja alipiga honi kwa hasira, akaona vitambaa vyeupe, akazima injini, akashuka na kuvua kofia.

"Wa karakana gani?"

"Tanuri la tatu," Baba Qi akamjibu.

"Mjomba wangu alikuwa tanuri la kwanza," dereva akasema, kana kwamba hiyo ni salamu. Akasimama nao hadi mwisho.

"Luan Fengshan, wa tanuri la tatu, amemaliza zamu!" Xuejiao akaita. Sauti ilitoka nyembamba, ya ofisini, ikapotea kati ya magari. Aligonga lami kwa kisigino, mara mbili. Paliitika bubu, kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Si hapa.

"Nyumbani sasa," Baba Qi akaamuru. "Na mtu asitazame nyuma. Ukisharipoti hutazami nyuma. Marehemu anakufuata, ukigeuka anadhani unamwita, anashindwa kuondoka."

Alitembea na shingo iliyokakamaa, Shangazi Xing ubavuni akimnong'oneza: "Umefanya vizuri, mwanangu. Ardhi ni ardhi."

*

"Mchana huu tunakwenda bustanini," Xuejiao akasema wakati wa ripoti ya pili ulipofika.

Shangazi Xing akashika kiuno. "Amechagua sehemu mbili?"

"Alisema tupite kote."

"Mzee yule! Hata kufa hataki kukosana na mtu."

Lango lilisimama katikati ya bustani, limeoshwa, limepakwa rangi, na halikuwa na ukuta kulia wala kushoto, kwa hiyo ungeweza kulizunguka tu. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sare iliyombana.

"Moto hapana," akawaambia kabla hawajafika. "Na uji hapana. Marumaru inateleza, jana kaanguka mgeni."

"Marumaru!" Baba Qi akatema neno. "Kwenye lango la kiwanda. Tulipita hapa na matope hadi magotini, leo uji unawatisha."

"Mzee, usinigombeze, sikuyaweka mimi." Mlinzi akatazama huku na huku. "Mwageni kule nyuma, kwenye maua. Baba yangu nilimripoti kule kule. Haraka lakini, na msilie kwa sauti kubwa, kuna watalii."

Wakamripoti Luan Fengshan kwenye maua, kwa sauti ya chini, kama wezi. Xuejiao aligonga mguu kwenye marumaru wakati wa kutoka. Pakaitika kwa mlio mkavu, wa sahani. Si hapa pia.

Kwenye ukuta wa makumbusho palitundikwa picha kubwa za mji wa zamani. Alizitazama akimtafuta baba yake kati ya nyuso, kisha akaona kwamba hata majengo hayatambui.

"Baba Qi, hili ndilo bwalo?"

"Bwalo! Hiyo ni zahanati. Umezaliwa humo wewe, dirisha hilo la pembeni. Baba yako alisimama nje na kofia ya kazi kichwani, akasahau kuivua hadi kesho yake."

"Na hili lenye nguzo?"

"Jumba la Wafanyakazi. Hapo ndipo alipomwona mama yako, siku ya dansi. Alimkanyaga kidole, mama yako akachechemea wiki nzima, naye akawa anampelekea supu. Hakukuambia?"

"Aliniambia," Xuejiao akasema.

Lilitoka lenyewe, lile lile neno. Baba Qi akamtazama kidogo, kisha akaanza kuvaa glavu zake, kidole kwa kidole.

*

Kabla ya jioni alitoka peke yake. Ripoti ya tatu ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo mtoto hupanda kigoda, humwonyesha marehemu njia ya magharibi, na mambo yamekwisha. Alikuwa na mchana uliobaki wa kuitafuta sehemu moja inayolia kama debe.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka. Alipita Jumba la Wafanyakazi: nguzo bado zipo, ndani wakodishaji wa vifaa vya harusi wamejaza maua ya plastiki, na ukumbini wanawake wazima walikuwa wakifanya mazoezi ya dansi kwa kaseti iliyochakaa. Aligonga ngazi. Mawe. Zahanati sasa ni makao ya wazee. Vikongwe wawili walimtazama kupitia dirisha la pembeni akigonga kizingiti kwa mguu, mmoja akagonga kioo kumjibu. Bwalo lilikuwa limeanguka paa, mti umeota palipokuwa jiko. Kila alipofika alijaribu kumweka baba yake hapo, na visigino vyake, na mdomo unaosema. Na kila mahali alikubali kusimama, lakini hakusema kitu.

Ndipo ilipomjia harufu ya sabuni.

Hamamu ya kiwanda, bafu la wafanyakazi wote, haikuwa imefungwa. Wafanyakazi walipoachishwa kazi walichangishana, wakaendelea kuchemsha maji wenyewe, na mvuke ulikuwa ukitoka kwenye matundu ya uani kama zamani. Mbele ya mlango, pale bomba la mvuke linapopita chini, palikuwa na mfuniko mpana wa chuma. Xuejiao alisimama juu yake, akavuta pumzi, akagonga mara mbili.

Debe tupu.

 Akasukuma mlango, akakimbilia dirisha la tiketi. Ndani alikaa mama mmoja mnene, mashavu mekundu, akimenya mbegu za alizeti kwa meno.

"Mama, samahani. Mzee Luan wa tanuri la tatu alikuwa anakuja hapa?"

"Alikuwa?" Mama yule akaacha kutafuna. "Loo. Amekwenda? Lini? Mbona sikuambiwa? Kila siku alikuja. Asiye na mtu wa kumsugua mgongo, yeye ndiye aliyemsugua, na kelele zake: 'Geuka, ng'ombe wewe, umejaa taka za mwaka juzi!'" Akapangusa jicho kwa ukingo wa kiganja. "Wewe nani wake?"

"Binti yake."

"Wa Suzhou? Kumbe ndiyo wewe." Akamtazama upya, kwa makini. "Mwaka Mpya mlikuja. Nilikuoneni kwa dirisha hili. Wewe ulikuwa nje na simu."

"Ndiyo! Alisimama hapo kwenye chuma, akagonga mguu. Alisema nini? Ulimsikia?"

"Kugonga mguu?" Mama akashangaa. "Hapo wote wanagonga miguu, mwanangu. Wanakung'uta theluji. Nimeandika hapo mlangoni: asiyekung'uta haingii."

Xuejiao akageuka. Kweli, palikuwa na kibao. Na mlango ukafunguka wakati huo huo, wazee wawili wakagonga miguu juu ya chuma, mara mbili kila mmoja, wakaingia wakibishana habari za kabichi.

"Lakini alisema kitu," akang'ang'ania. "Aligeuka, akasema kitu. Alikuwa amefurahi."

"Nilimsikia, mlango ulikuwa wazi. Alisema, 'Twende tuoge, halafu tunywe chai, nikujulishe kwa wenzangu.'" Mama akaushusha mkono wake juu ya ukingo wa dirisha kama anayefunika kitu. "Alikuwa ameshanunua tiketi mbili, ya wanaume na ya wanawake. Akakungoja pale kwenye benchi. Halafu akaja akanirudishia. Nikamwambia chukua hela yako, mzee. Akasema, ziweke, tutakuja siku nyingine, ana kazi mtoto."

Xuejiao alishika ukingo wa dirisha. Kwa hiyo ule mguu aliokuwa akiufuata tangu asubuhi haukuwa alama ya kitu chochote. Mahali penyewe, pale alipopachagua baba yake kwa akili yake timamu na kumwonyesha, alipapita siku ile kabla ya hapa au baada ya hapa, na hapakubaki kichwani mwake hata kama kivuli. Hapakuwapo tena popote duniani. Aliyepajua yuko kwenye jokofu la nyumba ya maiti, na aliyeambiwa hakusikia.

"Zipo bado," mama akasema, akivuta droo. "Unazitaka?"

Xuejiao aliuachia ukingo wa dirisha, akarudi nyuma hatua moja. Mama akafunga droo.

*

Jua lilipoanza kuzama ngazi ilijaa tena. Baba Qi alikuwa na birika. Safari hii hakuuliza kwa sauti; alimsogelea, akainama.

"Ya mwisho, binti. Wapi?"

Alitaka kumwambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: sikusikiliza, Baba Qi. Lakini aliona nyuso zile zote ngazini, zimekuja na vitambaa vyao mara ya tatu katika baridi, kila uso ukingoja kusikia alichokitaka Luan Fengshan.

"Hamamu," akasema.

"Alisema hapo?"

"Alisema hapo."

Baba Qi alimtazama muda mrefu kuliko mchana kule makumbusho.

"Hamamu!" Shangazi Xing akapiga mapaja. "Bawabu akafanye nini hamamuni?"

"Aoge," Baba Qi akajibu bila kumwondolea macho Xuejiao. "Amesimama langoni miaka yote hiyo na vumbi la makaa, hujafikiri kama ananuka? Twendeni."

Uani kwa hamamu watu walitoka na taulo shingoni, nywele zikifuka mvuke, wakajiunga nao. Mama wa tiketi alifunga dirisha lake akatoka pia. Xuejiao akamwaga uji kuzunguka mfuniko wa chuma; hapa haukuganda, chuma kilikuwa cha moto, ukafoka na kupanda hewani pamoja na mvuke.

"Luan Fengshan, wa tanuri la tatu, amemaliza zamu!"

Sauti ilitoka nzito kuliko alivyotaka, na ikavunjika katikati. Watu wakainama. Nyuma yake mzee mmoja akasema taratibu, "Hapa hakuna magari wala watalii. Hakika Luan alikuwa na akili," na mwingine akaitikia, na Baba Qi akakohoa.

"Mimi pia," akasema. "Siku yangu ikifika, nileteni hapa. Mmesikia nyote? Mke wangu atajua njia, alikuja kuoga kila Jumamosi."

"Hata mimi," Shangazi Xing akasema. "Ardhi ni ardhi, lakini pale lami imezidi."

Xuejiao alisikia neno lake la uongo likipita kutoka mdomo hadi mdomo, likipata uzito, likikaa. Kesho mtaa mzima utakuwa nalo. Watu watazaliwa wakute wafu wanaripotiwa hapa, na wataambiwa ni Mzee Luan aliyechagua, alimwonyesha binti yake kwa mguu wake mwenyewe. Hakuna hata mmoja atakayejua alichokitaka, na yeye wa kwanza.

"Nyumbani," Baba Qi akasema. "Na mtu asitazame nyuma."

Wakaanza kutembea, Xuejiao mbele kama desturi inavyotaka. Theluji ilikuwa imeshafunika uchochoro. Simu ilitetemeka mfukoni mwake; akaiacha itetemeke hadi ikachoka. Nyuma yake walikuwa watu wengi, na kelele zao za kawaida, vikohozi, kabichi, bei ya makaa. Kisha, mbali kidogo, mwisho kabisa wa msafara, akasikia mtu akigonga miguu juu ya chuma, mara mbili, kama mtu anayekung'uta theluji kabla ya kuingia.

Shingo ilitaka kugeuka. Siku ile alikuwa na uchochoro mzima wa kumtazama, akatazama simu.

Aliinua kidole, kile kile alichomwinulia baba yake siku ile, pembeni ya paja ambapo Baba Qi asingekiona. Kisha akakishusha, akaendelea kwenda.